Trauti wa mito ya Kericho wakati wa baridi: chubwi linakwama na samaki hawali

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Habari zenu wakubwa. Naomba mwongozo kwa wanaovua trauti, yule samaki wa maji baridi, kwenye mito ya juu, hasa vijito vya upande wa Kiptiget na Itare, mwezi wa Julai na Agosti. Mimi ni mtu wa ziwani. Zana nilizonazo ni za mumi (kambare) na ngege (tilapia): fimbo ya mita 3, nailoni ya milimita 0.40, chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) la gramu 30, ndoano namba 4, na chambo ni nyungunyungu. Huko juu hazinifai. Chubwi linaingia katikati ya mawe halitoki, mshipi unakatika, ndoano inabaki mtoni. Palipotulia naona samaki wamekaa chini, lakini chambo kikipita hawasogei. Wenyeji wanasema ni baridi, ningoje Januari.

Ni kweli trauti huacha kula maji yakipoa? Na kama si kweli, nianze kubadilisha nini: zana, chambo, saa, au mahali pa kutupa? Kijito chenyewe kina upana wa mita 5 hadi 8, kina cha goti mpaka kiuno, na vidimbwi vichache ambavyo fimbo haigusi chini.

Kijana wa Kapsoit

Shida ni baridi, kaka. Maji yakipoa sana hewa inaisha kule chini na samaki wanalegea. Tafuta kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua, au panzi. Halafu uende alfajiri kabla jua halijatoka, vile mnavyofanya ziwani.

Kipimajoto (Njoro)

Kijana, kuhusu hewa mambo ni kinyume chake, na inafaa tulinyooshe hili kwanza kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Maji baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya joto. Kwenye mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kushika karibu miligramu 8.7 za oksijeni kwa lita. Kisumu, ufukweni penye mita 1,134 hivi, maji ya nyuzi 26 hushika karibu 7 tu. Isitoshe, kijito kinachoporomoka juu ya mawe hujichanganya na hewa usiku na mchana. Trauti akikosa hewa ni Februari, mto umepungua na jua linawaka, wala si Julai.

Kinachobadilika kwenye baridi ni mwili wake. Samaki hana joto lake mwenyewe, anafuata la maji. Maji yakishuka kwa nyuzi 10, kasi ya mwili hupungua kwa nusu au zaidi: chakula kinakaa tumboni muda mrefu na hamu ya kukimbiza kitu inapungua. Ila kila samaki ana kiwango chake. Ngege akifika nyuzi 16 ameshaacha kula. Trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini inayoingia Pasifiki. Yeye hula vizuri kati ya nyuzi 12 na 16, huzubaa chini ya 8, na juu ya 20 anaanza kuteseka. Zikikaribia 25 anakufa. Ndiyo maana hapa kwetu karibu na ikweta utampata milimani tu.

Kwa hiyo, Mvuvi wa Dunga, usipime kwa miguu. Maji ya nyuzi 12 yanamuuma binadamu mpaka kwenye mifupa, na kwa trauti hayo ndiyo maji ya kula. Nunua kipimajoto cha tangi la samaki wa mapambo, kifunge kwenye uzi pamoja na nati nzito, ukizamishe nusu mita mahali penye mkondo na kivuli, kikae dakika mbili. Usipime ukingoni penye maji yaliyosimama juani, hapo utadanganyika kwa nyuzi mbili au tatu.

Ukisoma 11 mpaka 15, acha kulaumu baridi. Kasoro iko kwenye zana au namna unavyofika mtoni. Ukisoma 8 mpaka 10, samaki yupo chini kabisa na atakula kitu kinachompita puani, lakini hatakifuata. Hapo unavua kilindi cha kidimbwi, polepole, na unarudia mstari uleule mara nyingi kabla ya kusogea. Chini ya 8 utaipata mara chache: asubuhi sehemu za juu kama Kuresoi na Mau Summit baada ya usiku usio na mawingu, au baada ya mvua ya mawe kuyeyukia mtoni. Kericho na Nandi zinajulikana kwa mvua hiyo, na ikipiga kwenye kilele maji ya chini hupoa ghafla hata kama mahali uliposimama hakujanyesha. Kushuka kwa ghafla kunafunga midomo ya samaki kuliko baridi iliyokaa wiki nzima. Trauti anazoea nyuzi 10 za kila siku. Nyuzi 13 zikigeuka 10 ndani ya saa moja, anajificha.

Kuhusu alfajiri, ziwani ni sawa. Kwenye kijito cha juu, maji hufikia baridi yake kali jua likishachomoza tu, kisha hupanda taratibu mpaka alasiri. Ongezeko la nyuzi moja tu saa sita mchana linatosha kumwamsha samaki. Lakini upande huu upepo wa ziwa hukutana na wa milimani na mvua hunyesha zaidi alasiri, kwa hiyo hatuna siku nzima. Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana ndiyo nafasi yako ya Julai.

Nyongeza moja. Ushauri mwingi unaosomwa kwenye intaneti umeandikwa kwa ajili ya Novemba ya Uingereza au Marekani, majani yameanguka na mto umeshuka mpaka nyuzi 5 au 6. Trauti wa kahawia huzaliana kati ya Oktoba na Desemba kule, na sehemu nyingi uvuvi wake hufungwa. Mafundisho yao ya kuvua chini na polepole yanatufaa siku ya nyuzi 8 au 9. Siku ya nyuzi 13 ukivua hivyo, unawapita samaki walio tayari kupanda mpaka katikati ya maji kufuata chakula.

Fundi wa Nati (Kericho)

Mzee wa Njoro amemaliza habari ya joto, mimi nishike zana.

Chubwi la gramu 30 linatia nanga. Ziwani unataka hivyo. Mtoni, chakula cha trauti ni wadudu na minyoo waliong'olewa na mkondo, wanaviringika chini kwa kasi ya maji ya chini. Chambo kilichosimama tuli katikati ya mkondo anakiona si chakula, na kinachopita kwa kasi ya maji ya juu vilevile hakigusi. Nailoni ya 0.40 inaongeza tatizo: ni nene, mkondo unaisukuma, inapinda na kuvuta chambo juu hata ukiongeza uzito. Watu wengi hapo huongeza uzito tena, na ndipo mawe yanapoanza kula ndoano. Mshipi mwembamba unakuruhusu kupunguza uzito, na uzito ukipungua kukwama kunapungua.

Fimbo nyepesi ya mita 1.8 hadi 2.1 inatosha kwa kijito cha upana huo, kwa sababu miti imeinama juu ya maji na fimbo ya mita 3 itapigana na matawi. Weka nailoni ya 0.20 kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), inabeba karibu kilo 3. Mwishoni funga swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote) ndogo kabisa. Chini ya swiveli funga vipande viwili. Cha kwanza ni cha ndoano: nailoni ya 0.16, urefu sentimita 40, ndoano ndogo zaidi, namba 8 au 10, ya waya mwembamba. Cha pili ni cha uzito: nailoni ya 0.12, urefu sentimita 10 hadi 15, na mwisho wake nati ya boliti. Nati ikikwama, vuta moja kwa moja bila kupindisha fimbo. Kipande cha 0.12 ndicho dhaifu, kitakatika peke yake, na ndoano pamoja na samaki vitarudi. Ukifunga uzito na ndoano kwenye nailoni moja, kila jiwe linachukua vyote.

Nati ninazipendelea kuliko vizito vya madini ya risasi kwa sababu mbili. Risasi zinazobaki mtoni huwadhuru ndege wa majini wanaozimeza wakidhani ni changarawe, na nati unazipata kwa fundi yeyote wa jua kali kwa shilingi chache. Uzito wake unajulikana: ya milimita 4 ni karibu gramu 0.8, ya milimita 5 ni gramu 1.2, ya milimita 6 ni gramu 2.5. Maji ya goti yenye mkondo wa wastani, anza na ya 4. Kiunoni weka ya 5. Ya 6 ni ya kilindi au mto uliopanda.

Jinsi ya kujua kama uzito ni sawa: unataka nati iguse jiwe kila baada ya sekunde mbili tatu, iachie, iendelee. Isipogusa kabisa, ongeza. Ikikaa kila ukitupa, punguza. Utabadilisha mara nyingi, hata kati ya kichwa (maji yanapoingia) na mkia (yanapotoka) wa kidimbwi kimoja. Asiyebadilisha uzito anavua kina kimoja tu na kupitwa na samaki wa vina vingine vyote.

Kutupa: simama chini ya mahali unapolenga, pembeni, na utupe kuelekea juu ya mto kwa mshazari, mita 4 hadi 6, si zaidi. Nati ikigusa maji inua ncha ya fimbo mpaka mshipi mwingi uwe nje ya maji, kisha ifuatishe ncha na mshipi unavyoshuka. Usivute, usilegeze. Tazama mapovu yanayoelea juu. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu kwa sababu mawe yanayazuia, kwa hiyo mahali mshipi wako unapoingia majini lazima pashuke taratibu kuliko mapovu. Mshipi ukienda sambamba na mapovu, chambo hakijafika chini. Ukiyapita mapovu, mkondo umeukamata na chambo kinaburutwa.

Na kuuma kwenye maji baridi si kule kuvutwa kwa nguvu unakokujua kwa mumi. Mshipi unasimama kidogo, au unakwenda kando kwa upana wa kidole, basi. Inua kiganja tu, usirushe mkono mzima, 0.16 itakatika. Breki ya rili ilegezwe kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa vidole utoke bila kushtuka.

Fundo: zungusha mara tano, lowanisha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kupoteza nguvu palepale kwenye fundo, na hapo ndipo itakapokatikia.

Chambo: nyungunyungu mdogo wa sentimita 4 au 5, mchome mara moja tu katikati, ncha zote mbili zicheze. Yule wa kuviringishwa kwenye ndoano mpaka afanye donge ni wa mumi. Kumbikumbi ni wazuri siku wanaporuka, kwa kuwa samaki wanawatarajia. Siku nyingine afadhali upindue mawe matatu au manne ya mtoni uone wadudu gani wako chini yake, kisha uyarudishe kama yalivyokuwa. Ukikuta kaa wadogo, jua trauti wakubwa wa kijito hicho wanawala. Kaa wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akichomwa pembeni mwa gamba, ni chambo cha kilindi kisichoshindwa kirahisi.

Dada wa Londiani

Kabla Mvuvi wa Dunga hajachomeka nyungunyungu, aulize kanuni za mahali anapokwenda. Leseni ya uvuvi wa burudani ni lazima, na ofisi ya uvuvi ya kaunti itamwambia kama sehemu hiyo inaruhusu chambo hai au nzi bandia (ndoano iliyofungwa uzi ifanane na mdudu) pekee, na samaki wa urefu gani arudishwe. Mito mingi ya kule inapita ndani ya mashamba ya chai au msitu wa serikali, kwa hiyo ruhusa ya mwenye shamba au ya walinzi wa msitu ni jambo la pili. Na akiona mtu anaweka sumu ya majani au dawa ya kunyunyizia mimea mtoni, atoe taarifa. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu na vilipuzi, na sumu haichagui: inaua vifaranga na wadudu wote, na kijito kinabaki kitupu muda mrefu baada ya samaki waliokufa kuokotwa.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja ya swali ambayo wenzangu wameiruka: "naona samaki wamekaa chini". Trauti unayemwona ametulia chini na hasogei hata chakula kikimpita, mara nyingi ameshakuona. Hakimbii, anasubiri uondoke. Hapo hakuna chambo kitakachomshawishi. Trauti hukaa akielekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa hiyo mwendee kutoka chini ya mto, nyuma yake. Piga goti unapofika mita 5 kutoka kidimbwi. Usiache kivuli chako kianguke majini. Hatua nzito kwenye ukingo wa udongo humfikia kama mtikisiko kabla hajakuona. Nguo za kijani iliyokolea au kahawia, acha nyeupe na ya manjano nyumbani.

Mahali pa kutupa wakati wa baridi: mtu hutupa kwenye maji yenye povu jeupe kwa sababu yanavutia macho. Trauti wa nyuzi 9 hawezi kugharamia kuogelea pale. Tafuta mpaka kati ya maji ya kasi na maji yaliyotulia, pale mstari wa mapovu unapopita. Anakaa upande uliotulia, anachungulia upande wa kasi unaomletea chakula. Tafuta pia chini ya ukingo uliochimbwa na maji, nyuma ya jiwe kubwa, na hasa mbele ya jiwe, ambako maji yanajipiga na kutengeneza sehemu ndogo iliyotulia ambayo wavuvi wengi hawaijui. Kilindi cha kidimbwi ukiache mwisho, ukianza nacho unawashtua walio mkiani.

Kwa sehemu za nzi bandia, fimbo ya namba 4 au 5 yenye urefu wa mita 2.4 hadi 2.6, lida (kipande chembamba cha mwisho wa mshipi) ya mita 2.7 inayoishia na nailoni ya 0.16. Wakati wa baridi achana na nzi wa kuelea, funga wa kuzama. Ni rahisi kutengeneza: ndoano namba 12, ingiza shanga ya shaba ya milimita 3 mpaka kwenye jicho, zungusha waya mwembamba wa shaba mara nane au kumi nyuma ya shanga kwa ajili ya uzito, kisha funika kwa uzi wa sufu wa kahawia au kijani iliyofifia, mwembamba mkiani na mnene karibu na shanga. Chakura sufu hiyo kidogo kwa sindano ili nyuzi zisimame, zinaonekana majini kama miguu. Kwenye lida weka kishada cha sufu nyeupe kilichopakwa mafuta mazito, umbali wa kina cha maji mara moja na nusu kutoka kwenye nzi, uwe unaona kinaposimama. Kisipotikisika mahali ulipotarajia nzi agonge chini, kisogeze juu sentimita 20.

Anayetumia kijiko cha kuzunguka (chambo bandia cha bati), gramu 3 inatosha. Tupa ng'ambo ya mto, ushike, uache mkondo wenyewe ukizungushe kikipita mbele ya samaki kwa nusu duara. Zungusha rili kiasi tu cha kukifanya kisizame. Wanaovuta haraka wakati wa baridi wanaosha kijiko bure.

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Asanteni sana, dada na wazee. Hii ya nati na kipande dhaifu nimeielewa mara moja. Nabaki na mawili. Kwanza, usalama: nikisimama mtoni na juu kumenyesha, najuaje kwamba maji yanakuja? Pili, nikipata trauti wawili watatu, nitawafikishaje Kisumu bila kuharibika, kwa kuwa nyama yao nasikia ni laini kuliko ya ngege?

Mlinzi wa Kivuko (Sotik)

La usalama nitalijibu mimi.

Ukifika, chomeka kijiti pale maji yanapoishia ukingoni, kabla ya kufungua hata mfuko. Kitazame kila dakika kumi. Maji yakipanda sentimita 5 kati ya kutazama mara mbili, toka, na utoke upande ulikoacha vitu vyako. Dalili zinazotangulia ni majani makavu na vijiti kuelea katikati ya mkondo, maana mto unaopanda unaokota takataka za kingo. Kisha rangi inageuka. Kisha unasikia mawe yakigongana chini. Ukisikia mawe umechelewa, acha zana na upande juu, usikimbie kufuata ukingo. Mvua ya Mau inaweza kuleta maji mahali ambapo mbingu ni nyeupe, kwa hiyo usiangalie juu yako, angalia upande wa chanzo.

Kuvuka: mkondo wa kasi ukifika juu ya goti, usivuke. Pakiwa chini ya hapo na ukaamua kuvuka, shika gongo imara liwe upande wa juu wa mto, egemea, sogeza mguu mmoja kwa wakati, usiangalie maji yanayopita miguuni kwa sababu kichwa kitazunguka. Gambuti ndefu zikijaa maji zinakuwa mzigo, vaa zinazopita kisigino kwa urahisi ili uweze kuzivua.

Baridi yenyewe: suruali ya jinzi ikilowa haikaushwi na mwili, inakunyonya joto mpaka jioni. Vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka haraka, na uache seti kavu kwenye mfuko usiopitisha maji uliofungwa. Vidole vikishindwa kufunga fundo ulilofunga asubuhi, mwili unakuambia utoke. Badilisha nguo kwanza, kisha kunywa chai yenye sukari nyingi. Pombe inafungua mishipa ya ngozi na kutoa joto nje, ingawa unahisi umepata moto. Usiende peke yako, na ndani ya msitu ulizie kama kuna nyati au ndovu wiki hiyo, walinzi wanajua.

Mama Samaki (Soko la Jubilee, Kisumu)

Trauti huharibika kuanzia tumboni. Wadudu aliowala wanaendelea kumeng'enywa, na juisi hizo zinakula ukuta wa tumbo lake mwenyewe ndani ya saa chache, hata siku ya baridi. Ukiamua kumchukua, mgonge kichwani mara moja afe papo hapo, maana akipapatika muda mrefu nyama hulegea. Mpasue palepale mtoni. Toa matumbo na matamvua. Utaona mstari mweusi wa damu uliolala chini ya uti wa mgongo, hiyo ni figo: ichane kwa ukucha toka kichwani hadi mkiani, uisuuze. Watu wengi huiacha, na ndiyo inayoleta uchungu na harufu.

Mtoni mfunge kwa majani ya nyasi mabichi au gunia lililolowa, mahali penye upepo. Mfuko wa plastiki unamfanya atoe jasho na joto haliwezi kutoka. Kurudi Kisumu weka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, barafu iliyopondwa, chini, juu, na ndani ya tumbo. Toboa sanduku chini maji yatoke, samaki asilale kwenye maji ya barafu. Magamba yake ni madogo sana, usihangaike kuyaparua.

Unayemrudisha, lowanisha mikono kwanza. Mkono mkavu unatoa ute wa ngozi na ukungu mweupe unaota hapo baada ya siku chache. Bana kile kijino cha ndoano kinachoizuia isichomoke kwa koleo kabla ya kuanza kuvua, samaki atatoka kwa kugeuza kiganja. Mshike akiangalia mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Kipimajoto (Njoro)

Naona hakuna aliyegusa habari ya maji machafu, na Julai utayakuta. Zamisha kifuniko cheupe cha mtungi ukishikilia kwenye fimbo yenye alama za sentimita. Kikionekana mpaka 50 na zaidi, fuata yote ya hapo juu bila kubadilisha. Kati ya 20 na 50 ni maji mazuri kuliko maji angavu: samaki hakuoni vizuri, unaweza kusimama karibu, na nyungunyungu anashinda kila kitu kwa kuwa ana harufu. Chini ya 20, rangi ya chai ya maziwa, usipoteze siku hapo.

Dada wa Londiani

Na siku hiyo ya chai ya maziwa si lazima arudi Kisumu. Apande juu kutafuta kijito kidogo kinachotoka msituni moja kwa moja. Maji yaliyopita kwenye mashamba ya mahindi na viazi hubeba udongo siku mbili au tatu, yale ya msituni husafika upesi zaidi. Panapokutana viwili hivyo kuna mpaka unaoonekana kwa macho, upande mmoja kahawia, upande mwingine safi. Trauti hukaa ndani ya ule upande safi, karibu kabisa na mpaka. Atupe hapo, nati ya milimita 4, nyungunyungu mdogo, kuanzia saa tano.

Akivua chini zaidi, karibu na Sondu, huko ni maji ya fwani na ningu, samaki wenyeji wa mito ya ziwa hili, joto liko juu na zana zake za ndoano namba 4 zitamfaa. Ninaomba tu ningu wanaopanda mto na mayai wakati wa mvua awaache wapite. Walikuwa wengi mno katika mito hii, wakamalizwa na nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati uleule wa kupanda.